Kuiamsha Injini Kongwe ya Silinda Sita za Mstari Mmoja: Mwongozo Kamili

Kuna jaribio la zamani ambalo kila mpenzi wa injini hizi hulifanya siku moja: anasimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya kifuniko cha valvu huku injini ikinguruma, na sarafu haianguki. Si mazingaombwe, ni hesabu. Kwenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, mikono ya krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) imepishana nyuzi 120, na pistoni hupanda na kushuka mbili mbili: ya 1 na ya 6, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 4. Nusu ya mbele ya injini ni kama nusu ya nyuma ikijitazama kwenye kioo, kwa hiyo kila msukumo unakutana na mwenzake na yote miwili inazimana. Injini ya silinda nne huacha mtetemo unaorudi mara mbili kwa kila mzunguko, na V6 nyingi hulazimika kusaidiwa ili zitulie. Sita za mstari zimetulia kwa maumbile yake.

Hapo ndipo penzi langu lilipoanzia, na hapo ndipo kanuni ya mwongozo huu inapotoka. Injini ya aina hii ikitetemeka, kuna kitu kimeharibika. Usikubali mtu akuambie kwamba ni uzee. Nimezisikia injini zenye miaka hamsini zinazonguruma taratibu mno hadi unalazimika kuweka mkono juu ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ili uamini kwamba hazijazimika.

Nachukulia kwamba mbele yako kuna injini ya petroli iliyolala miaka kadhaa, ina kabureta na distribyuta ya pointi (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda kwa zamu), na unataka iwake bila kuiumiza. Inaweza kuwa F au 2F ya Toyota Land Cruiser, L24 ya Datsun 240Z, XK ya Jaguar iliyoonyeshwa London mwaka 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi 1992, Slant Six ya Chrysler iliyoingia sokoni na magari ya mwaka 1960 ikiwa imelazwa nyuzi 30, au moja ya Chevrolet zile zilizoanza mwaka 1929. Hatua ni zilezile kwa zote. Vipimo ndivyo vinavyotofautiana, kwa hiyo tafuta kitabu cha ufundi cha injini yako kabla hujashika spana.

Kabla ya kugusa chochote

Andika mambo matatu kwenye daftari. La kwanza ni mpangilio wa moto. Injini zote nilizozitaja hapo juu huwaka kwa mfuatano wa 1-5-3-6-2-4. Uchunguze mfuatano huo uone uzuri wake: hakuna mahali ambapo silinda mbili zilizopakana zinawaka moja baada ya nyingine, kwa hiyo mzigo unagawanyika krenki nzima. La pili ni silinda namba 1 iko wapi. Nyingi huhesabiwa kuanzia mbele kwenye feni, lakini Jaguar XK huhesabiwa kuanzia nyuma, na watu wengi wamepanga waya za plagi kinyume kwa kutolijua hilo. La tatu ni upande ambao rota ya distribyuta inazungukia. Tazama mwenyewe kwa macho yako, usimwulize mtu.

Halafu piga picha. Kila waya, kila hozi, kila kamba ya kabureta. Picha 40 si nyingi.

Usipige stata

Kosa linaloua injini nyingi zilizolala hufanyika dakika ya kwanza: mtu analeta betri mpya, anafunga, anazungusha ufunguo. Stata ina nguvu kuliko unavyodhani. Kama ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, stata itavunja kitu.

Wakati injini imezimika, popote ilipokomea, baadhi ya valvu zimebaki wazi. Silinda hizo ndizo zinazopumua hewa yenye unyevu mwaka baada ya mwaka, na ndizo zinazopata kutu kwanza. Silinda zilizobaki zimefungwa zinaweza kuwa safi kama zilivyoachwa. Kwa hiyo usishangae ukikuta silinda ya 2 inang'aa na ya 5 ina rangi ya udongo.

Toa plagi zote sita. Zipange juu ya ubao kwa namba zake, maana kila moja ina habari. Iliyo na rangi ya kahawia nyepesi ilikuwa inachoma vizuri. Nyeusi kavu kama masizi ilikuwa inapata petroli nyingi. Nyeusi yenye mafuta ilikuwa inakula oili. Iliyosafika kupita kiasi kuliko wenzake, kama imeoshwa, inakupa shaka kwamba maji yalikuwa yakiingia kwenye silinda hiyo. Kama una kamera ndogo ya waya, ipitishe kwenye tundu la plagi uangalie ukuta wa silinda.

Sasa mimina kwenye kila tundu vijiko viwili vya oili nyepesi ya kupenya. Mafundi wengi wanapenda mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu oili ya giaboksi otomatiki. Unapenya sana, ila asetoni inashika moto haraka, kwa hiyo weka mbali kila kinachotoa cheche. Acha usiku mzima. Kama kutu ni nyingi, acha wiki na uongeze kila jioni.

Baada ya hapo toa kifuniko cha valvu, sababu utaiona hapa chini, kisha tia soketi kwenye nati ya puli ya krenki na uzungushe kwa mkono, polepole, ukifuata upande ambao injini huzungukia. Ikikubali hata kidogo, rudi nyuma kidogo, kisha mbele tena. Ikigoma, ongeza oili na usubiri. Usiongeze urefu wa mpini.

Hili nimelilipia. Niliwahi kuzungusha 2F iliyolala muda mrefu. Ikaenda karibu robo ya mzunguko ikakaza. Nikadhani ni kutu ya ringi, nikakandamiza. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjika. Nilipofungua kifuniko cha valvu nikakuta fimbo ya kusukumia rokaamu (mkono unaofungua valvu) ya eksozi, silinda ya 4, imepinda kama upinde. Pistoni ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekwama ni valvu yenyewe ndani ya njia yake. Tangu siku hiyo, kifuniko cha valvu kinatoka kwanza, soketi inafuata baadaye.

Basi kifuniko kikiwa nje, mwagia oili kwenye kila springi na kila shina la valvu. Huku msaidizi akizungusha krenki taratibu, tazama valvu kumi na mbili zikishuka na kupanda. Inayoshuka isirudi imekwama. Igonge kichwani kwa nyundo ya plastiki, kidogo kidogo, huku ukiongeza oili, mpaka ichezeke yenyewe.

Oili, sampu, na kile kipande cha raba

Mwaga oili yote ya zamani na ushushe sampu (bakuli la oili chini ya injini) kama nafasi inaruhusu. Chini utakuta tope jeusi zito. Hilo likienda kwenye kichujio cha pampu, beringi zitakauka. Osha kila kitu, weka gasketi mpya, oili mpya na filta mpya. Injini nyingi za aina hii zina tapeti bapa zinazosuguana moja kwa moja na kemu (mhimili unaofungua valvu), kwa hiyo chagua oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa viungo hivyo.

Ukiwa chini ya gari, shika puli ya krenki uisukume na kuivuta. Mchezo wa mbele na nyuma unatakiwa kuwa sehemu ndogo ya milimita. Ukiusikia kwa mkono na unatoa mlio wa "tok", wosha za kuzuia krenki zimekwisha. Sita za Triumph zinajulikana kwa ugonjwa huu hadi wosha zenyewe hudondoka ndani ya sampu.

Kisha tazama puli yenyewe kwa makini. Krenki ya silinda sita ni ndefu, na kila silinda inapowaka inaipinda kidogo kama mtu anayekamua nguo. Ndiyo maana mbele pamewekwa puli ya vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa ukanda wa raba: raba inameza huko kujipinda. Raba ikizeeka inapasuka, na ringi ya nje inaweza kuteleza pamoja na alama ya taimingi (wakati wa kupiga cheche) iliyochongwa juu yake. Utafunga taimingi kwa uangalifu wote na bado itakuwa ya uongo. Chora mstari wa rangi kuanzia kitovu cha puli hadi ukingo wa nje. Siku mstari huo ukikatika mahali pa raba, unajua.

Pima kompresheni

Kabla ya kupoteza muda kwenye kabureta, jua kama ndani kuna uzima. Plagi zote ziwe nje, kabureta iwe wazi kabisa, waya wa koili umechomolewa, betri imejaa. Sasa ndipo stata inaruhusiwa. Zungusha kwanza bila geji, vipindi vifupi, mpaka taa ya oili izime au geji ya oili ipande. Hakikisha oili inachuruzika kwenye rokaamu, hadi zile za mwisho kabisa.

Halafu pima silinda moja moja, mizunguko mitano au sita kila moja, na uandike. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, maana injini za zamani zina ukandamizaji wa chini. Unachotafuta ni usawa. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isipite takriban asilimia 15. Chukua mfano wa namba hizi kwa psi: 125, 120, 60, 65, 122, 118. Silinda ya 3 na ya 4 zimeanguka pamoja nazo zimepakana. Hapo karibu kila mara ni gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao. Ikiwa imeanguka moja tu, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka au zimeshikwa na utando. Isipopanda, valvu haikai vizuri.

Kutu kidogo kwenye valvu husafika injini ikishafanya kazi. Kwa hiyo namba ya chini siku ya kwanza si hukumu ya kifo. Pima tena baada ya saa chache za kuendesha ndipo uamue.

Maji: tatizo linalokaa mwisho wa bloku

Hapa ndipo nawaomba watu watulie zaidi, kwa sababu hapa ndipo urefu wa injini hii unapoidhuru. Pampu ya maji iko mbele. Maji huingia mbele na kusafiri kuelekea nyuma. Kutu, mchanga wa kusubia bloku ulioachwa na kiwanda, na chumvi ya maji ya bomba vyote husukumwa huko nyuma na kutulia chini, kuizunguka silinda iliyo karibu na dereva. Geji ya joto mara nyingi ipo mbele karibu na tamostati, na itakuambia mambo ni mazuri huku silinda ya nyuma ikiungua. Hedi ndefu hupinda kwa namna hiyo, bila gari kuwahi kuchemsha mbele ya macho ya mtu.

Kufumua rejeta peke yake hakutoshi. Tafuta plagi ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloku, sehemu ya nyuma. Ifungue. Kwenye injini nyingi nilizofungua, hakuna kilichotoka: tundu limeziba. Chukua waya mgumu, chokonoa. Kwanza utahisi kama unachoma udongo mkavu, kisha waya utazama ghafla, na maji ya rangi ya chai nzito yataruka. Endelea kuchokonoa kwa kuupinda waya pande zote. Toa tamostati, ingiza hozi ya maji kutoka juu na uache yatirike kupitia tundu hilo hadi yawe meupe. Kama umepata nafasi ya kutoa vile vifuniko vya bati vya mviringo ubavuni mwa bloku, vitoe. Kupitia kwenye tundu la kifuniko cha nyuma unaweza kuingiza vidole viwili na kuchota matope kwa mkono, na hapo ndipo utaelewa kwa nini injini ile ilikuwa na sifa ya kuchemsha.

Weka vifuniko vipya, hozi mpya, tamostati mpya, na maji safi yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Usiendeshe bila tamostati kwa kudhani unaisaidia injini. Itabaki baridi, itachoma petroli vibaya, na oili itachafuka mapema.

Ikiwa hedi imetoka kwa sababu yoyote, ipime kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), kwa urefu na kwa mshazari. Kikomo kiko kwenye kitabu. Kwa wengi ni karibu 0.15 mm. Ikizidi, iende mashine. Wakati wa kurudisha, bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa kuzunguka, kwa awamu tatu, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Kwenye hedi ndefu namna hii, kuanzia upande mmoja ni kuikunja mwenyewe.

Tapeti: hesabu ya saba

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote: kurekebisha nafasi ndogo iliyopo kati ya valvu na kinachoisukuma. Asubuhi tulivu, fila geji, bisibisi na spana moja.

Kumbuka pistoni hutembea mbili mbili, na namba za kila jozi zikijumlishwa zinatoa saba: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Silinda moja ya jozi ikiwa inamaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta hewa, valvu zake mbili hubembea: moja inapanda kufunga huku nyingine ikianza kushuka. Wakati huohuo mwenzake iko juu kabisa, valvu zake zote zimefungwa na zimelegea. Basi tazama zinazobembea, ufunge za mwenzake, yaani urekebishe nafasi yake. Zikibembea za 6, funga za 1. Zungusha theluthi moja ya mzunguko, zinabembea za 2, funga za 5. Theluthi nyingine, zinabembea za 4, funga za 3. Halafu zinabembea za 1, unafunga za 6. Za 5, unafunga za 2. Za 3, unafunga za 4. Mizunguko miwili ya krenki na umemaliza zote kumi na mbili, bila kutafuta alama yoyote.

Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi iliyobanwa ndani ya kitabu kizito. Ikipita bila kuguswa imelegea. Ikikunjika imekaza. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huvuta skrubu.

Vipimo ambavyo nina hakika navyo, vyote injini ikiwa ya moto: Toyota 2F ni 0.20 mm kuingiza na 0.35 mm eksozi. Datsun L24 ni 0.25 na 0.30. Slant Six ni 0.25 na 0.50. Injini yako ikiwa bado haijawaka, funga ya baridi kwanza kwa kipimo hichohicho, kisha urudie ikishapata moto. Jaguar XK ni habari tofauti: haina skrubu, kipimo hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti chini ya vikombe vya tapeti, na kubadilisha kisahani ni lazima kemshafti itoke. Hiyo pima tu na uandike. Usiifungue kama haijaharibika.

Andika kila kipimo ulichokikuta kabla ya kurekebisha, na kile ulichokiacha baada ya kurekebisha. Nitarudi kwenye namba hizo.

Moto

Safisha pointi kwa msasa laini sana, au weka mpya. Pengo lake kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya 0.35 na 0.55 mm, kidole cha pointi kikiwa juu ya kilele cha kemu. Kipimo cha kweli zaidi ni muda ambao pointi zinakaa zimefungana. Kemu ya distribyuta ina pembe sita, kila silinda imepewa nyuzi 60, na katika hizo pointi hukaa zimefungana kwa nyuzi 35 hadi 41 hivi. Kama mita yako inayumba, shika shafti ya distribyuta uitikise pembeni. Bushi zikiwa zimelika, pengo linabadilika kwa kila pembe, na kila silinda inawaka kwa wakati wake. Injini nyingi "zisizotulia" zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na bushi hizo tu.

Badilisha kondensa, kofia, rota na waya zote kwa pamoja. Zipange kwenye kofia kwa 1-5-3-6-2-4 ukifuata upande ule ulioandika. Kwa kufunga taimingi bila kuwasha, leta silinda ya 1 kwenye alama ikiwa kwenye ukandamizaji, yaani valvu za 6 zinabembea, unganisha taa ndogo kwenye waya wa pointi, na uzungushe mwili wa distribyuta mpaka taa iwake pale pointi zinapoachana. Inatosha kuiwasha injini. Taa ya taimingi itamalizia baadaye.

Petroli

Tangi limwagwe lote. Petroli ya zamani inanuka kama rangi ya mbao na inaacha gundi kwenye valvu zilezile ulizohangaika kuzilegeza. Hozi zote za raba zibadilishwe kwa aina inayostahimili ethanoli, kwa kuwa petroli nyingi za leo zinayo na raba za zamani huyeyuka kutoka ndani. Pampu ya kusukumwa na kemu ina dayaframu. Ikitoboka, petroli hushuka kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi. Nusa kijiti cha oili kila asubuhi wiki ya kwanza.

Fungua kabureta, loweka, puliza kila njia kwa hewa, weka gasketi mpya na upime kimo cha floti. Kama ni kabureta moja katikati ya manifodi ndefu, jua kwamba silinda za mwisho, 1 na 6, ziko mbali na hupata mchanganyiko mwembamba kuliko za 3 na 4. Ndiyo sababu manifodi ya kuingiza hupashwa joto na eksozi chini yake, ili petroli isigande njiani ikawa matone. Kile kifaa cha kupashia, kama bado kipo, kifanye kicheze. Kama ni kabureta mbili aina ya SU, jaza oili kwenye minara yake, kisha zisawazishe injini ikiwaka: weka ncha ya hozi sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili, mpaka mvumo uwe mmoja.

Kuwasha

Gari liwe nje kwenye hewa, maana moshi wa eksozi unaua kimya kimya. Kizima moto kiwe mkononi mwa msaidizi, si ndani ya gari. Plagi mpya ndani, choki imevutwa.

Ikiwaka, macho yaende kwenye geji ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Sekunde kumi bila presha, zima. Usikanyage mafuta kwa furaha. Acha iende kwa mwendo wa juu kidogo ya sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) mpaka ipate joto. Itafuka, kwa sababu oili uliyoimimina kwenye silinda inaungua. Moshi wa bluu ukiisha ndani ya robo saa, ni sawa. Moshi mweupe mzito unaoendelea baada ya injini kupata moto, huku maji yakipungua, ni gasketi ya hedi.

Ikipata joto kamili, funga taimingi kwa taa, rudia tapeti, kisha sikiliza. Injini ikimisi, chomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa raba, kila uliochomolewa ukigusishwa kwenye bodi. Silinda nzima ikikatwa, mwendo unashuka na mtikisiko unaanza. Isipobadilisha chochote, umempata mgonjwa. Kama zinazomisi ni za 1 na 6 tu, washuku gasketi ya manifodi kabla ya plagi. Kwenye Toyota F na sita nyingi za Marekani, manifodi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja na zinashirikiana gasketi. Zinapanuka tofauti na kuivuta. Usipulizie kitu chenye kushika moto karibu na eksozi ya moto. Nyunyizia maji ya ukungu kutoka kwenye chupa ya kupulizia, kiungo kwa kiungo. Mahali ambapo mwendo unabadilika, hapo ndipo hewa inaingia.

Ukiwa na geji ya vakyumu, iunganishe kwenye manifodi. Sindano iliyotulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki ni ya injini yenye afya. Ikichezacheza kwa mpigo mmoja unaojirudia, valvu moja haifungi.

Na ndiyo, sasa toa sarafu. Kifute kifuniko cha valvu vumbi, isimamishe sarafu kwa ukingo, ondoa vidole. Ikianguka, rudi kwenye bushi za distribyuta, usawa wa kabureta, na raba za kushikilia injini, kwa mpangilio huo.

Kilomita elfu za kwanza

Mwaga oili baada ya kilomita 300 hivi, itakuwa imekusanya uchafu uliolegea. Kaza tena bolti za manifodi injini ikiwa ya baridi. Bolti za hedi pia, kama hedi ilitoka na gasketi yako ni ya aina inayotaka kukazwa mara ya pili.

Baada ya kilomita 1000, pima tapeti na ulinganishe na zile namba za daftarini. Injini nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu za eksozi. Bila hiyo, viti laini hulika na valvu huzama juu ndani ya hedi, hivyo nafasi ya tapeti hupungua badala ya kuongezeka. Ukiikuta eksozi uliyoifunga 0.35 imefika 0.25, ifunge upya, endesha bila kuilazimisha mwendo mkubwa na mzigo mzito, na upime tena kila kilomita 1000. Ikiendelea kupungua, hedi inahitaji viti vigumu vya chuma. Zikipungua zote sita kwa pamoja, bado una muda wa kujipanga. Ikipungua moja peke yake, toa plagi ya silinda hiyo uitazame, upime kompresheni yake, na kama ni ile ya nyuma kabisa, fungua tena plagi ya maji ubavuni mwa bloku uone kama bado inatirika.